Mkono Mmoja Ulishika Jembe

Shaibu mwanangu,

Mambo ya shuka, sabuni na kutokula ovyo njiani baba yako amekwisha kuyasema, na anayasema tena sasa hivi huko mbele ya nyumba huku akifunga begi lako kwa kamba kana kwamba unasafiri na mbuzi ndani. Huko sina la kuongeza. Nimekaa huku uani, jua bado lipo, na nina jambo moja tu. Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitashinda, na safari hii sitaki kushinda.

Jana, kwenye chakula cha kukuaga, nilikupa ushauri mbovu mbele za watu, na watu wakaupigia makofi.

Mjomba wako Saidi ndiye aliyeanza. "Eti Shaibu, huko chuoni wamekubatiza jina?" Ukacheka kidogo, ukasema, "Wananiita Mwalimu Sijui." Kisha ukasimulia. Mkufunzi aligawa mada kwa kura, kila mwanachuo awafundishe wenzake kitu ambacho hajawahi kukisoma maishani mwake. Wewe ukaangukia muziki wa kuandikwa, ile mistari na vile vidoa vyenye mikia. Mtoto wa Ruangwa, muziki unaoujua ni dufu la maulidi na spika za gulioni. Ukajifunza kwa jasho, ukasimama mbele yao, ukaenda vizuri, mpaka mwenzako mmoja alipouliza kwa nini mistari ni mitano, siyo minne wala sita. Ukajibu, "Sijui." Darasa likavunjika kwa kicheko, ukapoteza ulipokuwa, chaki ikakatika mkononi, na mkufunzi akaamua kwamba chuo kikifunguliwa utalirudia somo lile lile mbele ya watu wale wale.

Hapo ulitaka kuongeza neno. Ulisema, "Lakini mama, aliyeuliza wala hakucheka, yeye..." Nami nikakukata. Nikanawa mkono kabisa ili nipate nafasi ya kuunyanyua, nikasema, "Sikiliza, baba. Mwalimu hasemi sijui. Ukikwama, rusha neno, wacheke, wewe songa mbele. Mwalimu akisema sijui amevua nguo mbele ya darasa."

Mkeka mzima ukacheka. Mjomba wako akapiga paja, akasema, "Mama yenu huyo. Alizaliwa akiwa na jibu, mkunga ndiye aliyekuwa na maswali." Baba yako peke yake hakucheka, akaendelea kuguguna mfupa wake. Na wewe ukasema, "Sawa, mama."

Hiyo "sawa, mama" imenikaa kooni tangu jana. Najua utaitii. Utapanda basi kesho ukiwa nayo, na siku ya somo lako yule mwenzako akiuliza tena, utarusha neno, watacheka, utasonga mbele, na mkufunzi atakupa alama nzuri. Hilo ndilo ninalotaka kulizuia, Shaibu. Mimi nimewahi kuipata alama hiyo.

Nilipokuwa mwanachuo kama wewe, tulikuwa na zoezi hilo hilo, na kura hiyo hiyo ya vikaratasi ndani ya kofia. Mimi niliangukia mada ya hesabu inayoitwa vizio vya namba. Sikuwa nimeisikia hata kwa bahati mbaya. Kwa ufupi ni hivi: sisi tunahesabu kwa mafungu ya kumi. Ukifikisha kumi unaanza fungu jipya, na makumi yakifika kumi unayapa jina jipya, mia. Lakini mtu anaweza kuhesabu kwa mafungu ya ukubwa wowote. Akihesabu kwa mafungu ya tano, basi kumi kwake ni tano mbili, na akifika ishirini na tano, hapo ndipo anapohitaji jina jipya, kama sisi tunavyoihitaji mia. Kitabu cha maktaba kilieleza hayo kwa mifano ya mashine, na wenzangu wangesinzia kabla sijafuta ubao.

Unanijua. Sikubali watu wasinzie mbele yangu. Nikamkumbuka bibi yako kule Mtua, anavyohesabu mafungu ya mbaazi kwa Kiyao. Sita haina jina lake. Anasema msano na chimo, tano na moja. Saba ni tano na mbili. Nikaenda kuwauliza wanachuo wenzangu wa Kimakua na wa Kimakonde, nao wakaniambia ni vivyo hivyo kwao. Nilikaribia kuruka. Nikaona nimewakamata walioandika vitabu vyote vya dunia: hawa wanasumbuka na mashine, kumbe kizio cha tano kiko jikoni kwetu, kinapepeta mbaazi.

Siku ya somo nilimwaga mbaazi mezani. Nikawahesabisha wote, kila mtu kwa lugha ya nyumbani kwake, na darasa likalipuka kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kuombwa lugha ya bibi yake ndani ya darasa. Nikatamka kwa sauti ya mtu aliyefungua mlango uliofungwa, "Wazee wetu walihesabu kwa kizio cha tano."

Akanyoosha mkono Chilumba, Mmakonde wa Newala, kijana mrefu aliyependa kukaa dirishani.

"Dada Zainabu, kwetu sita ni tano na moja, kweli kabisa. Lakini kumi ina jina lake. Hatusemi tano mbili. Na ishirini tunasema makumi mawili. Sasa kama ni kizio cha tano, hiyo kumi imeingiaje?"

Mwanangu, swali lile lilikuwa sahihi. Nililijua ni sahihi kabla hajalimaliza. Bibi yako naye husema likumi, neno zima, jipya, wala hasemi tano mbili. Nimelisikia maisha yangu yote, na katika maandalizi yangu nililipita kama mtu anayepita kando ya mdai wake. Sikuwa na jibu. Macho ya darasa zima yalikuwa kwangu, mkufunzi ameinua kalamu.

Nikamwambia, "Chilumba, nyie Wamakonde mmevuka Ruvuma mmebeba vinyago tu. Hiyo kumi mmeazima huku huku kwetu, na hamjairudisha."

Kicheko. Chilumba mwenyewe akacheka, maana utani wetu unauelewa, hauna jeraha. Nikaona bado kalamu ya mkufunzi iko juu, nikaongeza jiwe la mwisho. Nikainua mkono wa kushoto, nikaukunjua vidole vitano. "Na kwa nini tano? Kwa sababu mzee wako alikuwa shambani. Mkono mmoja ulishika jembe."

Wakapiga meza. Mkufunzi akashusha kalamu, akaandika, akatabasamu. Nilipata alama ya juu kuliko wote siku ile, na kwa muda mrefu nikisimulia maisha yangu ya chuo, hicho ndicho kisa nilichoanza nacho. Hata wewe umekisikia, nikikuonyesha vidole.

Sehemu ambayo hujaisikia ni hii. Wale niliowafundisha hawakuwa watoto. Walikuwa walimu. Kitu unachokitia kinywani mwa mtoto huenda kikaishia kwake, lakini ukikitia kinywani mwa mwanachuo, kimepanda basi. Sisi tulipomaliza tulitawanywa kila upande, na kila mmoja alibeba alichokipenda. Hakuna aliyebeba swali la Chilumba. Walibeba jembe.

Wewe ulikuwa bado mdogo nilipotumwa Matambarale kwa shughuli ya mafunzo ya walimu. Nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha la darasa kungoja wenzangu. Ndani kulikuwa na somo la hesabu. Nikasikia sauti ya mwalimu mwanamke.

"Wazee wetu walihesabu kwa kizio gani?"

"Cha tanooo!"

"Kwa nini?"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, kwa mwendo wa kwaya, "Mkono mmoja ulishika jembeee!"

Kwanza, nikuambie kweli, nilifurahi. Maneno yangu, kwenye vinywa vya watoto nisiowajua. Nikajiona nimekuwa methali. Kisha nikasikia kasauti ka msichana. "Mwalimu, lakini bibi yangu akihesabu, kumi anaitaja kivyake."

"Kaa chini. Unataka kubishana na vitabu?"

Vitabu, Shaibu. Mzaha niliourusha ili kalamu ishuke ulikuwa umeshakuwa vitabu, na sasa ulikuwa unamkalisha mtoto chini. Mimi niliyegombana na madiwani, na wanunuzi wa korosho, na masheikh wawili na katekista mmoja, kwa sababu tu walimwambia mtu akae chini aache kuuliza. Nilipigana nao kote huko, na huku nyuma maneno yangu yalikuwa yanafanya kazi ile ile kwa niaba yangu, bila kuchoka, bila mshahara.

Niliingia. Mwalimu alikuwa Rukia, tuliyesoma naye. Akanikumbatia mbele ya watoto, akasema kwa fahari, "Mnamwona huyu? Somo hili mnalolipenda, mwenyewe ndiye huyu." Watoto wakanipigia makofi.

Nikaomba chaki. Nikamwomba yule msichana asimame arudie alichosema. Akamtazama Rukia, hakusimama. Nikamwambia, "Simama, mama. Swali lako ni la zamani kuliko wewe. Liliulizwa mbele yangu, nikalicheka." Akalirudia, kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya mayai. Nikawageukia wenzake. "Aliyesema mkono mmoja ulishika jembe ni mimi. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa sina jibu."

Wakacheka. Walidhani ni mzaha mwingine. Hiyo ndiyo adhabu ya mtu wa maneno: siku anayosema kweli, watu wanasubiri mwisho wa utani.

Basi tukahesabu upya, kwa kunde, kila mtoto kwa lugha ya kwao. Mmwera, Mmakua, Myao, Mmakonde. Wote sita yao ilikuwa tano na moja, na wote kumi yao ilikuwa na jina. Nikawauliza, kama wazee wangehesabu kwa tano tupu, jina jipya lingekuja wapi? Wakapanga mafungu, wakabishana, meza ikatikisika, na mwisho wakalipata wenyewe: kwenye ishirini na tano. Je, kuna bibi wa mtu yeyote mwenye jina hilo? Hakuna. Kwa hiyo wazee wetu walihesabu kwa kumi kama sisi, na tano ilikuwa mahali pa kupumzikia njiani. Lile ndilo somo zuri kuliko lote nililowahi kufundisha, na halikuwa na mzaha hata mmoja ndani yake.

Yule msichana akanyoosha tena mkono. Sasa alikuwa amepata moto. "Mwalimu, kwa nini walipumzika kwenye tano, wakati lugha nyingine hazipumziki?"

Rukia akaniangalia. Watoto wakaniangalia. Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha tayari ulimini, nakuapia. Nikayameza.

"Sijui," nikasema.

Bati la paa halikuanguka. Hakuna aliyecheka, hata kidogo. Mvulana mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Kumbe na mwalimu hajui," si kwa dharau, kwa namna ya mtu anayesogeza kiti ili mgeni apate pa kukaa. Rukia alinuna mpaka chakula cha mchana, kisha akaniambia, "Ungenipigia simu, dada, usingenivua mbele yao." Alikuwa na haki, nami nikamwomba radhi. Kosa lilikuwa langu na nilikuwa nimemfanya alibebe mara mbili.

Jioni ile nilimtafuta Chilumba kwa simu. Siku hizi ni mwalimu mkuu huko kwao. Nikamwambia, "Chilumba, lile swali lako la kumi, lilikuwa sahihi."

"Swali lipi?"

Nikamkumbusha. Akacheka sana. "Aa, dada Zai. Nilijua hujui."

"Ulijua? Na ukakaa kimya?"

"Ningefanyaje, umeshanivusha Ruvuma na vinyago vyangu. Lakini hata mimi nilikuwa sijui. Ndiyo maana niliuliza. Nilidhani tutatafuta wote."

Nilidhani tutatafuta wote. Hilo ndilo neno lililonipiga, Shaibu, kuliko kwaya ya Matambarale. Miaka yote nilikumbuka swali lake kama panga lililoinuliwa, nami nikajisifu kwamba nililikwepa. Kumbe lilikuwa mkono ulionyooshwa. Nimesoma vitabu vingi, nimebishana katika mikutano ya hadhara na katika makundi ya simu hadi watu wakaniondoa, na sikuwahi kuitofautisha mikono hiyo miwili. Mtu anayeishi kwa mabishano huona kila swali ni ngumi. Akishazoea, hata mtoto wake mwenyewe akimuuliza kitu anakinga uso.

Ndiyo, nakusema wewe. Unakumbuka ulivyoniuliza, tukiokota korosho shambani kwa babu yako, kwa nini mbegu ya mkorosho inaning'inia nje ya bibo na siyo ndani kama matunda mengine? Nikakujibu, "Kwa sababu korosho ina maringo, inataka ionekane." Ukacheka, ukaenda kuwaambia wenzako. Jibu zuri. Na hukuniuliza tena habari ya mimea. Nilidhani umeridhika.

Sasa usinielewe vibaya. Sikugeuka kuwa mpole. Bado naamini wanaotupumbaza nchi hii ni watu wenye majibu ya haraka, wawe na suti, kanzu au fimbo ya darasani. Ukiona mwalimu anamchapa mtoto kwa swali, ujue mwalimu huyo amefika mwisho wa anachokijua, na fimbo ndiyo ukuta. Mimi sikutumia fimbo, nilitumia kicheko. Kicheko hakiachi alama, ndiyo maana hakuna aliyeniripoti.

Wala sisemi "sijui" ni utakatifu. Kuna sijui ya mvivu, anayeitupa mezani kisha anaenda kulala. Hiyo nitakugombeza hata nikiwa kaburini. Ya kwako haikuwa hiyo. Ulikuwa umejiandaa hadi ukingoni mwa unachokijua, swali likavuka ukingo, ukasema ulipoishia. Kosa lako lilikuwa moja tu, na ni dogo: ulipolisema, kwa ulivyotuonyesha jana, uliinamisha kichwa, kana kwamba umekamatwa na kuku wa watu. Wamecheka hiyo shingo, mwanangu, hawakucheka neno. Sijui isemwe kichwa kikiwa juu na chaki ikiwa mkononi, maana kazi ndiyo kwanza inaanza.

Na jana ulitaka kuniambia jambo. Aliyeuliza wala hakucheka. Yeye alifanya nini, Shaibu? Aliandika? Alikungoja nje baada ya somo? Nilikukata, sasa sitajua mpaka uniambie. Lakini nafikiri huyo ni Chilumba wako. Ukifika, kabla hujaandaa zana, kabla hujachora mstari wowote, mtafute huyo. Mwambie, lile swali lako bado liko hapa, twende maktaba. Mkilipata jibu, siku ya somo mwite asimame alieleze pamoja nawe. Msipolipata, waambie wenzenu mlikofika, wapi pamewashinda, na muwaachie nao wahangaike. Wale ni walimu. Ukiwapa jibu la kubuni watalipandisha basi. Ukiwapa swali zima, nalo litapanda basi, na siku moja litafika darasa fulani la mbali likamkuta mtoto aliyeambiwa akae chini, likamwinua.

Mimi mwenyewe nilijaribu leo asubuhi kufikiri kwa nini mistari ni mitano. Nilipata sababu nne, zote nzuri, moja ingewavunja mbavu. Sikuandikii hata moja.

Baba yako ananiita nije nione fundo lake. Anasema halitafunguka hata gari likipinduka, na wewe nakusikia unamuuliza sasa begi litafunguliwaje chuoni. Naona baba yako naye anatafuta neno la kurusha.

Ile "sawa, mama" ya jana nairudisha kwako. Kesho usiniitikie kwa kichwa, niambie lile ulilokuwa unataka kusema, nami nitanyamaza mpaka umalize, hata basi likipiga honi. Na ukifika huko, wakikuita Mwalimu Sijui, itika. Kisha geukia ubao, mwendelee kutafuta.

Mama yako,
Zainabu